Mashine ya kuchomelea mabomba ya PPR: nunua, ila mkasi wake uweke kando

Ile mashine ya bei ya chini ya kuunga kwa joto mabomba ya PPR (mabomba ya maji ya plastiki), inayouzwa kwenye boksi la chuma madukani mwa vifaa vya ujenzi, huja na stendi, mkasi na vichwa (vile vipande vinavyopasha moto bomba na kiungio chake) vya jozi tatu: milimita 20, 25 na 32, ambazo mafundi huziita nusu inchi, robo tatu na inchi moja. Kwa nyumba ya kuishi, huhitaji zaidi ya hapo. Inaunga vizuri ikitumiwa kwa utaratibu; matatizo yake yako kwenye vitu vinavyoizunguka.

Kwanza mkasi. Wembe wake ni laini, hulipinda bomba kabla ya kulikata, na mkato hutoka mshazari. Bomba lililokatwa mshazari halikai sawasawa ndani ya fitingi (kiungio), kwa hiyo upande mmoja huungana kidogo tu. Nunua mkasi mzuri peke yake. Stendi nayo ni nyepesi, ifunge kwa skrubu kwenye kipande cha ubao.

Joto la kazi ni nyuzi 260. Taa ikizima mara ya kwanza usianze: bamba linaloshika vichwa limepata moto, vichwa bado. Subiri iwake na kuzima tena. Namba za kwenye kitufe si za kuamini sana, hivyo unga kipande cha majaribio, kiache kipoe, kisha kipasue kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Ukiona mstari kati ya bomba na fitingi, havijashikana. Ukiona plastiki imejikusanya ndani kama pete nene, joto au muda umezidi.

Pete hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya "maji hayana nguvu". Bomba la milimita 20 lenye ukuta wa 3.4 lina tundu la 13.2. Pete ya milimita 2 kuzunguka tundu lote huacha 9.2, yaani njia ya maji imebaki chini ya nusu. Mwenye nyumba hununua pampu, na pampu haitibu hilo.

Muda wa kupasha moto ni sekunde 5 kwa milimita 20, sekunde 7 kwa 25 na sekunde 8 kwa 32. Anza kuhesabu bomba na fitingi vikishaingia hadi mwisho, si vinapogusa. Weka alama ya penseli kwenye bomba, kama milimita 14, 16 na 18 kutoka ncha, ili usisukume kupita hapo. Ukivitoa una sekunde 4 tu za kuviunganisha (6 kwa 32). Sukuma moja kwa moja bila kuzungusha, shikilia bila kutikisa kama sekunde 10, kisha acha dakika 2 hadi 4 kabla ya kukipa kiungo mzigo. Bomba lenye unyevu lisichomwe kabisa. Mvuke huacha vitundu.

Kuhusu umeme: mashine ya wati 800 kwenye volti 230 hula ampea 3.5 hivi. Volti zikishuka hadi 180, nguvu ya kupasha hubaki kama asilimia 60, na vichwa huchelewa kurudi kwenye joto baada ya kila kiungo. Ekstensheni nyembamba na ndefu huzidisha hali hiyo. Fuata taa, si haraka ya fundi.

Kabla ya plasta, toa hewa yote kwenye mabomba na uyapime kwa pampu ya mkono hadi shinikizo la bar 10, uyaache kwa saa moja. Kufungulia tangi lililo juu mita 6 si kipimo, kwani hiyo ni bar 0.6 tu, kiungo kibovu hukaa kimya hadi siku pampu itakapowekwa.

Safisha vichwa vingali moto kwa kitambaa cha pamba, kamwe si kwa kisu wala brashi ya waya. Teflon, ile ngozi ya vichwa inayozuia kunata, ikichubuka, plastiki hunata na kuvutika. Hapo badilisha vichwa tu, vinauzwa peke yake.