Seti ya dougong ya mbao, duka la Mlandege: mafundi inunueni

Kama una karakana au kijana anajifunza useremala hapa Unguja mnunulie hii, usisite. Ni ile dougong ya Wachina, vile vipande vya mbao vinavyopandana juu ya nguzo chini ya paa kwenye mahekalu yao na kasri ya Beijing, wameifanya ndogo ya kukaa mezani, unaifungua yote halafu unaipanga upya. Elfu sitini na tano, sisemi rahisi, ila matundu yamechongwa safi na hakuna msumari wala gundi popote.

Chini kabisa linakaa bonge la mraba, ndo dou, juu limechimbwa mfereji wa msalaba, humo inalala mikono miwili iliyopinda, hiyo ndo gong, inapishana kila mmoja umekatwa nusu unakaa ndani ya mwenzake, kwenye ncha za mikono vinakaa vibonge vidogo halafu juu yake mikono mirefu zaidi, na unavyopanda ndo inazidi kutokeza nje. Ukifika juu bonyeza kwa kidole ile ncha ya nje kabisa, utaona uzito unavyoshuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye nguzo, ukuta haubebi kitu!! Ndo wakaweza kutoa upenu mkubwa vile mvua isipige nguzo na kuta. Na kwa vile viungo havijagandishwa, ardhi ikitetemeka vinasuguana vinacheza kidogo, ule mtikisiko unaishia humo. Mnara wa Yingxian kule Uchina ni mbao, wa mwaka 1056, una mita 67 na aina 54 za dougong, na bado umesimama.

Sie Mji Mkongwe mambo ni kinyume, kuta nene za mawe na chokaa ndo zinabeba kila kitu na boriti zinalala juu yake, ndo maana vyumba vyembamba, boriti ikiishia hapo na chumba kimeishia hapo, na ukuta ukinywa maji vichwa vya boriti vinaoza humo ndani huvioni. Kwa hiyo fundi wa kwetu akiishika hii seti anapata njia nyengine kabisa ya kufikiria paa, mie hilo ndo limenifurahisha kuliko uzuri wake.

Kitu kingine, nimepima mikono kwa rula, kimo kwa upana ni 3 kwa 2 yote. Hicho ndo kipimo cha kitabu cha ujenzi cha Mchina Li Jie cha 1103, Yingzao Fashi, kimepanga mbao madaraja 8 na kila kipande cha jengo kinapigiwa hesabu kutokana na daraja lake, fundi akishajua daraja anajua vyote. Aliyetengeneza hii seti anaijua kazi mashallah.

Kasoro zipo. Karatasi ya maelekezo ni Kichina kitupu na picha ndogo mno. Mbao ni laini, msimu wa masika inavimba, vibonge vinakataa kutoka, msigonge na nyundo vitapasuka, wekeni ndani pakavu mpaka vilegee vyenyewe. Na haina ang, lile gogo la mshazari ambalo paa linalikandamiza kwa ndani ili linyanyue upenu kwa nje, na kwangu hicho ndo kipande kitamu kuliko vyote. Mwenye duka nimeshamuomba alete seti yenye ang, nanyi mkipita mkumbusheni.