Gemu za fantasia ya giza: zipi ukae nazo, zipi umalize ubadilishe

Ingia duka lolote la gemu Kariakoo, uliza RPG (gemu ya kuishi kama mhusika wa stori) nzuri yenye mapanga, wachawi na falme zinazooza, na muuzaji ataanza kukutajia miisho: hii ina mitatu, ile sita. Idadi hiyo haikusaidii sana. Mnunuzi wa Dar ana hesabu nyingine ya kupiga: CD hii nikishaimaliza, naiweka ndani, au narudi nayo dukani kubadilisha kwa kuongezea hela kidogo?

Gemu yenye stori iliyonyooka unaicheza mara moja, inakupa kila ilichonacho, unaiachia. Gemu ya maamuzi inaanza kukulipa raundi ya pili, ukiwatendea watu wale wale tofauti na kuona nini kinageuka. Hakuna iliyo bora kwa asili yake. Ila usilipie gemu ya maamuzi kama maamuzi yenyewe hayana meno, na usinunue iliyonyooka ukitegemea ikae mwaka mzima.

Jambo moja kabla ya orodha: nunua mashine yenye sehemu ya kuingiza CD. PlayStation 5 (PS5) ya kidijitali, isiyo na sehemu hiyo, ina bei ya kuvutia, lakini ukishaichukua umeuaga mtumba, na kila gemu itapitia kwenye bando lako, labda uwe na toleo jembamba la kuanzia 2023 na ulipie kisomaji cha CD kando.

Nafasi ya kwanza naipa The Witcher 3: Wild Hunt bila kigugumizi. Ni kazi ya CD Projekt Red wa Poland, ya mwaka 2015, na umri huo ndio unaomfaa mnunuzi, kwa kuwa CD zake zilizotumika zimezagaa. Steringi ni Geralt, mwindaji wa mazimwi kwa malipo, anayemtafuta Ciri, binti aliyemlea. Stori kubwa imenyooka: utatafuta, utampata, vita itakuja. Maamuzi yamefichwa pembeni, na matokeo yake yanafika umeshasahau ulichofanya. Kule Velen, nchi ya vinamasi, roho iliyofungwa chini ya mti inakuomba uifungue, ikidai itawaokoa watoto yatima. Inasema kweli au inakuhadaa? Ukiifungua, familia ya mtu uliyekwisha kumzoea inabomoka. Ukiiua, watoto ndio wanaolipa. Hakuna maandishi yanayokutahadharisha kwamba hapa ndipo penyewe.

Mwisho wa gemu nao hauamuliwi na kitufe cha wema au ubaya. Unatokana na mambo madogo: Ciri alipokata tamaa ulimchangamsha vipi, alipoitwa kuongea na wachawi wakubwa ulimwacha aende mwenyewe au ulimganda. Wazazi wetu wengi wangefeli hapo, na wangefeli kwa upendo. Tafuta CD ya PS4 iliyoandikwa Game of the Year, au Complete Edition kwa PS5, kwa sababu zina nyongeza zote mbili, Hearts of Stone na Blood and Wine. CD ya mwanzo haina hata moja, na si kila muuzaji atakukumbusha. Halafu usiridhike na menyu kuwaka. PS4 hunakili gemu nzima kutoka kwenye CD kwenda kwenye diski ya ndani, na mkwaruzo mbaya hujitokeza katikati ya kunakili. Vuta kiti, subiri imalize.

Ya pili ni ya wenye laptop: Dragon Age: Origins, ya BioWare wa Kanada, 2009. Picha zimezeeka, na ndiyo maana haihitaji kompyuta ya gharama. Unachagua asili moja kati ya sita, kuanzia mtoto wa ikulu ya mbilikimo hadi mtu wa tabaka la chini kabisa, na saa za mwanzo zinabadilika kabisa kufuata asili hiyo. Baadaye utakutana na jemadari msaliti. Ukimsamehe kwa kuwa unauhitaji upanga wake, rafiki uliyetembea naye karibu tangu mwanzo anakuacha. Huo ndio uamuzi wenye meno. Kasoro ipo: kuna mtoto aliyepagawa na pepo, na gemu inakubana umuue yeye au mama yake ajitoe, kumbe ukienda kuomba msaada kwa wachawi, mama na mtoto wote wanapona. Mlango kama huo ukiachwa wazi, uchungu wote unaisha.

Elden Ring, ya tatu, ilitoka Februari 2022 na inacheza PS4 na PS5. Ina miisho sita, lakini sikuipanga hapa kwa hiyo. Stori yake huambiwi. Unaiokota kwenye maelezo ya pete, mapanga na mavazi, kwa Kiingereza cha mafumbo, na asiyependa kusoma atapita nchi nzima bila kujua anampiga nani na kwa nini. Uhuru wake uko miguuni, unakwenda unakotaka. Tena inajihifadhi yenyewe kila wakati. Umeme ukikatika hupotezi kitu cha maana, lakini ukimuua muuza bidhaa kwa hasira, harudi, na hakuna kurejea nyuma kama kwenye Witcher, ambako mwenye moyo mwepesi huhifadhi kabla ya kila mazungumzo. Angalizo: nyongeza yake, Shadow of the Erdtree, lazima inunuliwe kwa akaunti ya eneo lile lile la dunia ambalo CD ilitengenezewa. Wengi wetu tuna akaunti za Marekani au Uingereza, huku CD zimepita Dubai. Uliza kwanza, lipa baadaye.

Ya nne ni Final Fantasy XVI, na hapa stori haikuulizi chochote. Ilitoka Juni 2023 kwa PS5. Clive analipiza kisasi katika nchi ambako watu wenye uchawi wa kuzaliwa wanachorwa alama usoni na kutumikishwa kama punda. Huchagui upande wala hubadilishi mwisho, na nashukuru, kwa sababu waandishi wanaojua unaelekea wapi wanaweza kukupiga pale pale walipokusudia. Inao pia msaada ambao gemu zote zingeiga: katikati ya mazungumzo unasimamisha na kusoma huyu ni nani, ufalme huu ni wa nani. Kwa anayefuata Kiingereza kwa mwendo wa pole, hiyo ni dhahabu. Ichukue, imalize, iachie mapema. Siku ya kununua muulize muuzaji ataipokea kwa kiasi gani ukiirudisha ndani ya miezi miwili. Bei atakayokutajia inakuambia mengi kuliko sifa zake.

Baldur's Gate 3 iko ya tano na najua nitatukanwa. Kwa maamuzi peke yake ingekuwa ya kwanza. Larian wa Ubelgiji wameiunda mwaka 2023 kiasi kwamba hata ukikosea kurusha dadu, stori inaendelea kwa njia nyingine, na ukichagua steringi mwenye kiu ya kuua, utakuwa unapigana na nafsi yako. Lakini kwenye kompyuta inataka GB 150, PS4 haiwezi kuicheza, na PS5 ilianza kwa kupakuliwa tu kabla ya CD kuja baadaye katika toleo maalumu. Mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo nyumbani aipandishe nafasi nne, asinisikilize.

Bloodborne, PS4, 2015: hutaamua mengi, utakufa sana, na mji wake wa kutisha hauna mfano. Mtumba wake ni salama.

Mwisho kabisa Diablo IV. Stori imenyooka, sawa, lakini inadai mtandao muda wote hata ukicheza peke yako, na kuwa na CD mkononi hakukuokoi. Kama mnachotaka ni kufyeka mashetani pamoja sebuleni, Diablo III ya PS4 inachukua watu wanne kwenye televisheni moja bila intaneti. Hela iliyobaki nunueni pedi za kuchezea.