Kihispania cha kati mjini Granada: lipia chakula cha mchana

Nilichonunua ni kifurushi cha kawaida cha vyuo vya lugha vya Granada, kusini mwa Hispania: vipindi 20 kwa wiki vya dakika 50 kila kimoja, vyote asubuhi, pamoja na chumba katika nyumba ya familia. Nakipa nyota nne kati ya tano, ila kwa mtu aliyekwisha kufika ngazi ya B1 tu, yaani ya kati katika mizani ya lugha ya Ulaya. Anayeanza angojee. Mezani kwa familia ataambulia kelele, na sarufi ya mwanzo anaweza kuipata kwao kwa bei nafuu zaidi.

Uamuzi unaobeba mengine yote ni wa milo. Familia hutoa pensión completa, yaani milo yote, au media pensión, yaani kifungua kinywa na mlo mmoja, mara nyingi wa usiku. Wengi huchukua hiyo ya pili ili kubana matumizi, na hapo ndipo pesa inapopotea. Mlo mkubwa wa Mhispania ni wa mchana, kuanzia kama saa nane, na ukiisha hakuna anayeinuka. Watu hubaki mezani wakizungumza, wanaita sobremesa, na saa nzima hukatika. Hicho ndicho kipindi bora cha siku. Chakula cha usiku huliwa saa tatu na kuendelea, kwa kawaida ni chepesi, na televisheni mara nyingi imewashwa. Omba mlo wa mchana kwa maandishi kabla ya kulipa, na uongeze kwamba hutaki kuwekwa nyumba moja na mgeni mwingine mtakayeishia kuongea naye Kiingereza.

Lafudhi ya Granada itakutikisa. S ya mwisho humezwa na vokali inayobaki hupanuliwa: los niños husikika kama “lo niño”, na cansado huwa cansao. Aliyezoea sauti safi za kanda za mazoezi hupotea kabisa mwanzoni. Anayetaka kila s itamkwe aende Salamanca au Valladolid.

Kwa matamshi, Mswahili anakwenda na mtaji. Vokali ni zile zile tano, ñ ni ny ya nyanya, z ya Madrid ni th ya thelathini, na d iliyo katikati ya vokali inakaribia dh ya dhahabu. Kazi ipo kwenye r na rr, maana pero ni “lakini” na perro ni mbwa.

Sarufi nayo ina milango tuliyokwisha kuizoea. Subjuntivo, yaani umbo la kitenzi la kutaka au kutamani, inayowatesa wengine tunayo: “nataka aje” ni quiero que venga. “Alipika” na “alikuwa akipika” ni cocinó na cocinaba. Mtego uko kwenye -me-. “Nimekula” ni he comido, sawa, lakini “amelala” ya mtu aliye usingizini ni está dormido. Ukisema ha dormido umesema amepata usingizi wake. Amekaa, amesimama na amechoka zote hudai estar, yaani “kuwa” ya hali: está sentado, está de pie, está cansado. Mwalimu hatakuonya, kwa sababu mazoezi yake yamelenga makosa ya Waingereza na Wajerumani.

Adabu pia hugeuka. Ukitoka kwenye shikamoo, usted, “wewe” ya heshima, itakujia kila dakika, nayo kwa vijana husikika kama unawaweka mbali. Anza nayo kwa wazee, uiache wakikuambia. Baani, ponme un café, yaani “niwekee kahawa”, si ufidhuli ingawa kwetu tungesema “naomba”. Granada bado huleta tapa, kitafunio kidogo, bila malipo pamoja na kinywaji. Asiyekunywa pombe aagize mosto, juisi ya zabibu. Asiyekula nguruwe aseme no como cerdo ni jamón, kwa sababu ukisema tu huli carne, yaani nyama, jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, huweza kuletwa vilevile.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya mtihani wa kupanga madarasa. Uliegemea kuandika, hivyo msomaji mzuri hutupwa darasa ambalo masikio yake hayajafika. Omba kuhamishwa wiki ya kwanza, baadaye nafasi hujaa. Intercambio, yaani kubadilishana lugha na mwenyeji, ni bure, lakini mwenzako atayavuta mazungumzo kwenye Kiingereza. Wekeni saa ilie kila baada ya dakika 30.

Ukilenga DELE B1, cheti rasmi cha Kihispania cha ngazi hiyo, kumbuka alama hugawanywa makundi mawili: kusoma na kuandika, kisha kusikiliza na kuzungumza. Unahitaji 30 kati ya 50 katika kila kundi, na ziada ya moja haizibi pengo la jingine. Darasa hulisha kundi la kwanza. La pili hulishwa na ile meza ya mchana. Usajili hufungwa wiki kadhaa kabla ya mtihani, kwa hiyo chagua tarehe ya mtihani kwanza ndipo ununue tiketi ya ndege.