"Vuta tu ile kamba nyekundu": yaliyonikuta na kampuni iliyotufungia mlango wa gereji

Kama springi ya mlango wako wa gereji imekatika na mlango umebaki juu, usiiguse ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye mota. Naanza na hilo kwa sababu huenda kuna mtu anasoma haya akiwa amesimama chini ya mlango, simu mkononi, kama nilivyokuwa mimi. Toka hapo kwanza. Waondoe watoto. Halafu rudi usome.

Ilikuwa msimu wa joto kali, siku yenyewe siikumbuki, ila ni wiki chache tu baada ya hao hao jamaa kuja kufanya sevisi. Mchana tukasikia kishindo gereji, paa! Nikadhani tairi limepasuka. Nikalizunguka gari, matairi yote mazima, nikarudi ndani. Juu sikuangalia. Jioni nikabonyeza rimoti, mota ikaguna, mlango ukapanda kwa taabu hadi usawa wa kifua changu, ukagoma. Ndipo nikainua macho. Springi moja kati ya zile mbili zilizo juu ya mlango ilikuwa imeachana, katikati pana uwazi wa vidole vitatu.

Nikapiga simu. Nikaeleza kila kitu: springi imekatika, mlango umekwama nusu, gari liko ndani, mtoto anataka baiskeli yake. Yule kaka wa mapokezi hakuniuliza swali hata moja. "Dada, vuta tu ile kamba nyekundu, mlango utashuka wenyewe taratibu. Fundi atakuja kesho."

Nikavuta.

Mlango mzima ulidondoka kwa mkupuo mmoja. Mwanangu alikuwa anapitisha baiskeli kizingitini. Sijui ni nini kilimfanya aachie usukani na kuruka nyuma. Gurudumu la mbele likakunjwa kama karatasi. Kwenye saruji, pale mguu wake ulipokuwa umekanyaga, mpaka leo pana mkwaruzo mweupe mrefu kama kiganja. Kila nikifagia gereji nauona.

Nikapiga tena, sauti inatetemeka. Nikamwambia kilichotokea. Akanijibu hivi, neno kwa neno: "Sasa dada, nani alikuambia uvute mtu akiwa chini?" Kisha akaongeza, "Na hizo springi ni joto tu, msimu huu zinakatika kila nyumba." Hakuuliza mtoto ana hali gani.

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi mno. Kama angeniuliza swali moja tu kabla ya kunipa maagizo, kwamba springi ni nzima au la, nisingekuwa naandika haya. Na mimi nilikuwa nimeshamwambia kwamba imekatika! Mtu anayepokea simu za milango kutwa nzima hana budi kujua kwamba uzito wa mlango unabebwa na springi. Mota kazi yake ni kusukuma kidogo tu. Ile kamba inautenganisha mlango na mota. Springi zikiwa nzima, ukiivuta unaweza kuunyanyua mlango kwa mkono mmoja, na ndiyo maana imewekwa, umeme ukikatika utoke. Springi ikiwa imekatika na mlango uko juu, kinachoushikilia ni hiyo mota. Ukivuta kamba umeondoa mshikiliaji wa mwisho. Hata zile sensa mbili za chini, zinazouzuia mlango usimshukie mtu, hazisaidii kitu hapo, maana zenyewe zinaongea na mota, na mota haina tena habari na mlango.

Sasa niseme na la haki. Kesho yake alikuja kijana mmoja na mkoba wake wa vifaa, na kabla hajasalimia vizuri akauliza, "Mama, mtoto yuko wapi? Hajaumia?" Akamwita, akamkagua mguu, ndipo akaingia kazini. Kwa hilo peke yake nilitaka kuifuta hasira yangu yote.

Akaishusha springi iliyokatika, akaniita nione. "Angalia hapa, mama." Kwenye mkato, sehemu kubwa ya chuma ilikuwa inang'aa kama imekatwa dakika ile, lakini pembeni, upande wa nje, palikuwa na kipande kidogo cheusi, umbo la ukucha. Akaniambia hapo peusi ufa ulianza siku nyingi, kwenye kishimo cha kutu, ukawa unakula ndani kidogo kidogo kila mlango unapofunguka. Hapa panapong'aa ndipo palipoachia jana. Nilikishika kile chuma. Kwenye vidole nikabaki na uji mweusi wa mafuta na vumbi, ukikwaruza kama msasa.

Nikamuuliza kuhusu joto, kwa sababu lile jibu la simu lilikuwa bado linanichoma. Akatikisa kichwa. Joto la gereji, hata likifika nyuzi 50, halilegezi chuma cha springi. Linachofanya ni kuyachuruzisha na kuyakausha mafuta, vumbi linanata kwenye mabaki, na unyevu wa usiku unakuta chuma kiko uchi, kutu inaanza. Mpira wa chini ya mlango nao unalainika na kunata sakafuni, mota inavuta kwa nguvu zaidi. Mota ikichemka sana inajizima yenyewe mpaka ipoe, watu wanadhani imekufa. Tena springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000 hivi, kufungua na kufunga ikiwa ni mzunguko mmoja. Sisi tunafungua mara 6 kwa siku. Piga hesabu: miaka minne na nusu, basi. Na umri wa mlango wetu ni huo huo. Kwa hiyo springi ilikuwa inakaribia mwisho wake, kutu ikaimalizia, na lile joto walilolisingizia lingeweza kudhibitiwa na kitambaa na mafuta sahihi kila baada ya miezi mitatu.

Hapo ndipo hasira ikarudi, kwa sababu sevisi walikuwa wamefanya wao! Fundi aliyekuja siku ile alipuliza mafuta mepesi ya kopo juu ya vumbi lile lile, yale yanayokauka baada ya siku chache, akanisainisha karatasi, akaondoka. Hakufuta kitu. Hakuujaribu mlango kwa mkono. Jaribio lenyewe kijana alinionyesha baadaye, ni la dakika moja, na linafanywa springi zikiwa nzima na mlango ukiwa umefungwa: unautenganisha na mota, unaunyanyua hadi nusu, unauachia polepole huku hakuna mtu chini. Ukitulia, springi zinabeba sawasawa. Ukishuka, zimechoka. Kutu ile ingeonekana. Ufa pengine usingeonekana, hilo nakubali.

Alibadilisha springi zote mbili, akisema zilifungwa siku moja na zimefanya kazi sawa, ile iliyobaki isingekawia. Kuna mtu amewahi kuniambia kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe kwa bisibisi. Ungemwona huyu kijana usingethubutu. Alikuwa na nondo mbili maalumu, moja inaingia tunduni kabla nyingine haijatoka, amesimama pembeni, uso wake hauko mbele ya springi hata mara moja, anahesabu kwa sauti kila robo ya mzunguko. Alifika 30, na ule mstari wa rangi ulionyooka juu ya springi ulikuwa umejisokota kama kamba. Jasho linamtiririka kwenye kidevu. Nondo ikimponyoka hapo inavunja mkono, au jino, au zaidi.

Aliposhuka ngazini nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota tatu. Nne hata. Nilijisemea mapokezi ni mtu mmoja mbovu, kazi yao ni nzuri, na mlango sasa unapanda kimya kabisa. Kama mtawaita, ombeni huyo kijana mpole mwenye mkoba wa kijani, mnisalimie.

Lakini juzi nilipokuwa namalizia kuandika, roho ikakataa. Nikachukua simu ya jirani, nikapiga namba yao kama mteja mpya. Nikasema springi imekatika, mlango umebaki juu, nina watoto nyumbani, nifanyeje. Safari hii alipokea dada, sauti nzuri, ya upole kabisa.

"Usijali, mama," akasema. "Iko kamba nyekundu hapo kwenye mota, umeiona? Ivute tu."

Nyota moja. Na hiyo ni ya yule kijana.