Kofia kubwa ya kuogelea kwa wenye rasta: nunua, ila chagua saizi vizuri

Kwa binti wa Arusha anayefanya mazoezi ya kuogelea akiwa na rasta au dredi, kofia ya silikoni ya saizi kubwa inastahili hela yake. Ile ya kawaida ikilazimishwa hupanda taratibu kuelekea utosini, na akijisukuma ukutani kugeuza inachomoka.

Aliyezitangaza kofia hizi ni Alice Dearing, mwanamke mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki. Alishirikiana na Soul Cap, kampuni ya London inayozitengeneza. Mwaka 2021, kabla ya michezo ya Tokyo, FINA, shirikisho la kimataifa la kuogelea (sasa World Aquatics), ilizikataa kwa hoja kwamba hazifuati umbo la asili la kichwa. Hoja hiyo iliumiza, na ilistahili kupingwa. Dearing akaogelea kilomita 10 za maji ya wazi kofia hiyo ikiwa bado haijaruhusiwa, akamaliza wa 19. Mwaka 2022 FINA ikaikubali.

Kosa kubwa la wanunuzi ni saizi. Twende kilioni zinalala kichwani, kwa hiyo kofia ya kawaida inatosha. Ukimvalisha kubwa, akichupa tu inajaa maji kama puto na kumvuta nyuma. Kubwa ni ya rasta ndefu. Ile kubwa zaidi waachie wenye dredi za kufika mgongoni.

Kuvaa: lowesha nywele kwa maji safi kwanza, ili zisinywe klorini nyingi. Usipake mafuta, kofia itateleza. Toa shanga na klipu, ndizo zinazotoboa silikoni. Funga rasta kwa kibana cha kitambaa, fundo likae kisogoni, bapa. Likikaa utosini linaongeza ukinzani wa maji. Anaivalia kwenye paji la uso, mwenzake anaivuta nyuma kwa viganja. Kucha zinachana ukingo, na ukishachanika kidogo hauzibiki.

Msitegemee nywele kubaki kavu. Maji huingia shingoni, hata kwa kofia nzuri. Julai, baridi ya Arusha ikikaza, binti asipande bodaboda kabla ya kuzikamua na kuzifunga kwa taulo.

Baada ya mazoezi isuuze kwa maji ya bomba, ianike kivulini, kisha nyunyiza poda kidogo ndani isigandane. Ikiachwa juani pembeni ya bwawa, inapoteza mnyumbuko mapema.