Glavu za Kufutia Ubao: Tazama Mdomo Kwanza

Wiki ya kufungua shule, mwezi wa pili, nilinunua glavu ya kufutia ubao kwa simu. Picha ndiyo iliyoniponza: mwalimu anatabasamu, mkono umevaa kitu cha bluu, na ubao nyuma yake unang'aa kama sahani ya sikukuu. Shilingi 38,000 za Uganda, na boda ya kuileta 7,000 juu yake. Nikajiambia, miaka yote hii dasta zangu zimeibwa, zimerushwa dirishani, zimegeuzwa tofali la kuzuia mlango. Kitu nilichokivaa mkononi nani ataniibia?

Somo la kwanza nikaingia nayo Senior Two, yaani kidato cha pili, ngeli ya KI-VI, wanafunzi 80 na ushee. Ubao ukajaa, nikainua mkono kufuta mstari wa juu kabisa. Nikahisi kitu chepesi kinatambaa kutoka kifundo cha mkono, kinapita kiwiko, kinashuka hadi kwapani. Nikadhani mdudu. Kumbe ni vumbi la chaki. Mdomo wa glavu ulikuwa wazi kama bakuli, na kila nilipoinua mkono nilikuwa nalikinga vumbi lote linalotoka ubaoni. Blauzi ilikuwa nyeusi. Nilipogeuka, msichana wa dawati la mbele akasema kwa adabu zake zote, "Mwalimu, kwapa lako limepauka." Na upatanisho wa ngeli alikuwa ameupatia, hata kumkemea sikuweza.

Tangu siku hiyo nimevaa za kila namna, zangu na za kuazima. Wenzangu wa chumba cha walimu wamechoka kuniona nikipunga mkono hewani mbele ya dirisha ili nione vumbi linaangukia wapi. Kwa hiyo usiniulize ipi inafuta vizuri. Zote zinafuta, hata kiganja kitupu kinafuta. Rangi nayo waachie wanaopiga picha. Swali langu ni moja tu: mdomo wa glavu unabana?

Nieleze kwa nini nimeshikilia jambo hili. Dasta ya kawaida unaishika kwa nje, vumbi linashuka mbele yako, linaishia sakafuni au kwenye viatu. Glavu ni mfuko, na mfuko ukiuinua juu ya kichwa, tundu lake linaelekea kwenye mkono wako wa nguo. Wanaozitengeneza nadhani hufuta ubao ulio usawa wa kifua. Sisi ubao wetu ni ukuta wa saruji uliopakwa rangi nyeusi, umeanzia magotini mpaka pale mwalimu mfupi kama mimi anaposimama kwa ncha za vidole. Tena plasta yenyewe ina mikwaruzo. Ukisugua, pamoja na chaki unashusha na chembe za rangi.

Na usidanganyike na chaki inayoitwa "isiyo na vumbi." Vumbi inalo. Tofauti ni kwamba chembe zake ni nzito zaidi, kwa hiyo hazielei hewani kama za ile chaki laini ya jasi, zinaanguka haraka. Kwa mapafu ni nafuu kubwa, sikatai. Lakini zinaangukia wapi ukiwa umevaa mfuko uliofumbua mdomo? Mimi najua zinapoangukia.

Kipimo changu dukani ni hiki. Vaa glavu, inua mkono kama unayemwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, kisha jaribu kupenyeza vidole vya mkono wa pili kati ya glavu na ngozi. Kikiingia kimoja kwa kubanwa, toa pesa. Vikiingia viwili, rudisha. Muuzaji atakutazama kama umeshikwa na kichaa. Mwache atazame.

Sasa kwa mpangilio wangu, kuanzia ninayoipenda.

Ya kwanza haiuzwi dukani. Ni ya kushonesha, na kitambaa kiwe maikrofaiba ya Vileda. Najua nitaambiwa nimelipwa. Sijalipwa hata senti, ni mapenzi tu. Vileda ni chapa ya Kijerumani, na jina lenyewe limetokana na maneno wie Leder, yaani "kama ngozi." Kitambaa chao nimekifua muhula mzima na bado kinashika. Maikrofaiba ni nyuzi nyembamba mno za poliesta na nailoni zilizochanuliwa. Kikiwa kikavu kinavuta vumbi na kulishikilia, badala ya kulisukuma huku na huku kama kitambaa cha pamba. Ziko za bei ya chini zisizo na jina. Nilijaribu moja, ikaanza kunyonyoka manyoya wiki ya pili kwenye ule ukuta wetu. Basi.

Nilinunua kitambaa supamaketi kwa 15,000, nikakipeleka kwa fundi cherehani mtaa wa Kiyembe, Kampala. Alidai 5,000, nami nikampa bila kubishana kwa sababu nilimsumbua sana. Mara ya kwanza alinishonea kitu chenye vidole vitano. Usikubali, vidole vinaacha mistari ubaoni kama mtu aliyechana nywele. Unataka umbo la glavu ya kushikia sufuria la moto: vidole vinne pamoja, dole gumba peke yake. Mbele na nyuma pawe sawa, ili upande mmoja ukijaa ugeuze, na mwenye kutumia mkono wa kushoto naye aivae. Kisha, na hapa simama juu ya kichwa cha fundi, mwambie ashushe glavu ipite kifundo cha mkono kwa upana wa vidole vinne, ndipo aweke lastiki. Lastiki yenyewe iwe ile pana ya kiunoni mwa sketi. Ile nyembamba kama uzi inakata damu, na baada ya mwezi imelegea. Nenda na ya kwako mkononi, ya 500 inatosha. Ya kwangu alikuwa ameshaichagua yeye, ikabidi afumue.

Hesabu yote 20,500. Linganisha na ile 45,000 niliyoipeleka kwenye simu.

Ya pili ni glavu ya kuoshea magari, ile yenye vining'inio kama minyoo minene. Inapatikana penye vifaa vya magari, na nilizozishika mimi zilikuwa na mdomo wa kufuma, kama mkono wa sweta, unaobana vizuri sana. Kwa mdomo peke yake ningeipa namba moja. Tatizo ni mwili wake: vile vining'inio vinakusanya vumbi mpaka glavu inakuwa nzito kama paka, na ukiikung'uta darasa zima linapiga chafya. Itumie jioni, ikiwa na unyevu kidogo, kuosha ubao mweusi ambao umekwisha kuwa wa kijivu. Kisha uache ukauke kabisa kabla ya kuandika tena. Chaki kwenye ubao wenye maji haiandiki, inateleza.

Ya tatu ni dasta yenye mkanda wa kupitisha mkono nyuma. Hii siyo glavu hasa, lakini unaivaa. Haina mdomo, kwa hiyo haina kosa la mdomo! Ningeipandisha juu kama mkanda ungekuwa wa kurekebishwa. Nilioazima mimi ulitengenezewa mkono wa mpiga ngumi, nikifuta kwa nguvu dasta inazunguka na kukaa mgongoni mwa kiganja. Mwalimu mwenzangu wa hesabu, mtu wa mikono mikubwa, hataki nyingine.

Za vidole, vile vikofia vya felti unavyovika kwenye ncha ya kidole, ni za ubao mweupe wa kalamu za maka, na za kusahihisha herufi moja. Umeandika "kiti changu" ukaacha herufi g, unagusa, unaandika upya, umemaliza. Nimezipenda. Ila kufuta ubao mzima kwa kidole ni adhabu, na vinapotea kuliko vifungo vya shati. Na kwa kuwa tumefika kwenye ubao mweupe: wino uliokaa siku nyingi ukagoma kutoka, usiukwangue. Pitisha maka mbichi juu yake, ufute hapo hapo kabla haijakauka. Wino mpya unaulainisha wa zamani.

Soksi kuukuu? Ndiyo, inafuta. Tuendelee.

Ya mwisho ni ile ya bluu ya felti niliyoinunua. Silitaji duka kwa jina, lakini niruhusuni kutua mzigo. Picha ilionyesha mbili, ikaja moja. Maelezo yalisema inafaa mkono wowote, kumbe dole gumba limeshonwa kwa mkono wa kulia tu. Nilipopiga simu kuuliza mbona bei imepanda kutoka ile niliyoiona Januari, dada wa upande wa pili akaniambia, "Nyabo," yaani bibi, "ni kodi." Kodi ya ongezeko la thamani kwetu ni asilimia 18, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Nikamwambia sawa dada yangu, basi nitumie risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, niione hiyo kodi. Simu ikakatika. Mtandao, labda.

Na siyo wao tu. Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa, vifaa vinapanda bei ghafla, utadhani chaki inalimwa na mvua imekosekana. Nilizunguka Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, asubuhi nzima nikitafuta glavu yenye lastiki. Dasta za mbao ziko tele, mihuri iko, kadi za harusi ziko, utachapishiwa hata kalenda ya mwaka ujao. Nikiuliza glavu ya ubao, naonyeshwa glavu za daktari. Kijana mmoja alinitazama kwa huruma akauliza, "Mama, unafundisha au unapasua?"

Kuhusu kufua: maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo na bila jiki. Dawa ya kulainisha inazipaka zile nyuzi, na kitambaa kinaacha kushika vumbi. Pasi usiipitishe kabisa, hizo nyuzi ni plastiki. Mimi nafua Ijumaa, naianika kwenye nondo za dirisha, Jumatatu imekauka. Kabla ya hapo naikung'uta nje kila siku, upande upepo unakoelekea, baada ya kutazama kwanza nani anapita. Hili nimelijifunza kwa naibu mkuu wa shule na suti yake ya bluu.

Nirudi kwenye soksi, maana nimeipita haraka na dhamiri inanisuta. Wiki iliyopita mwalimu wa dini, mzee ambaye amebakiza muda mfupi astaafu, aliingia chumba cha walimu akiwa ameivaa soksi ya mpira wa miguu mpaka karibu na kiwiko. Nikamwomba ainue mkono. Akainua. Nikajaribu kupenyeza kidole kwenye mdomo wa soksi.

"Mwanangu," akaniuliza, "unatafuta nini humo?"

Hakikuingia hata kimoja.