Boksi la vitafunio vya gofu ya diski: nyota moja, labda mbili

Nimeahirisha kuandika haya kwa wiki kadhaa nikingoja hasira ipoe. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Boksi lenyewe ni la wachezaji wa gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski kutoka mbali hadi iingie kwenye kikapu cha minyororo, kwa mirusho michache uwezavyo. Lina vitu viwili: baa za nafaka na karanga zilizopakwa chokoleti, na pakiti za poda ya kuchanganya na maji. Juu yake wamechora kikapu cha minyororo, diski inaelea hewani, na nyuma yake jua linawaka. Likumbukeni hilo jua, nitalirudia.

Baa. Sijui nani alituletea jina hilo kwa maana ya kitu cha kula, lakini safari hii limempata mwenyewe. Kuna baa la njaa, kuna baa la nzige, na sasa kuna hili la chokoleti.

Ilikuwa Jumamosi moja ya joto kali. Nilikuwa nacheza vizuri, na wanaonijua wanajua kwamba hilo halitokei kila mwezi. Tulikuwa wanne, vikapu 18, na kundi la watu wanne mara nyingi halimalizi mzunguko wa namna hiyo chini ya saa mbili na nusu. Ukianza umeshiba, kufika kikapu cha 10 tumbo limeshasahau. Watu hulaumu mkono au upepo, kumbe ni njaa tu. Kwa hiyo kwenye kikapu cha 11, mwenzetu mmoja alipopoteza diski vichakani na wengine wakaingia kumsaidia kuitafuta (sheria inatoa dakika tatu), mimi nikaona ndiyo nafasi yangu ya kula. Ndiyo, sikwenda kusaidia. Pengine nililipwa kwa hilo.

Nikafungua mfuko wa pembeni wa begi, nikaishika baa. Haikutoka, ilimwagika.

Chokoleti ilikuwa imeshapita kwenye mshono wa karatasi yake na kuenea mfukoni mote. Vidole vitatu vya mkono wa kurushia vikaingia humo hadi kwenye kiungo cha pili. Nikatafuta taulo. Taulo nilikuwa nimelikunja vizuri kabisa chini ya baa hizo hizo, na sasa nalo lilikuwa kitafunio. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wangu haukuwa mtupu, nikaulamba mbele za watu wazima.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa mita sita hivi kutoka kikapuni, umbali ambao siku nyingine narusha huku naongea. Sheria inanipa sekunde 30. Nilizitumia zote kujifuta kwenye majani, kisha kwenye suruali. Sasa, diski ya kumalizia huishiki kwa nguvu. Unaizungushia vidole na kuviachia vyote kwa mara moja, basi. Kimoja kikichelewa hata kidogo, imekwenda pembeni. Cha kati kilichelewa, kimenaswa na sukari. Diski ikapita kushoto bila kugusa hata mnyororo mmoja, ikatua kwa ukingo, ikasimama kama inafikiria, kisha ikaanza kubingirika kushuka mteremko kama gurudumu lililochomoka.

"Kaka," akasema mmoja wao, "leo unarusha au unapaka mkate?"

Kikapu hicho kilinigharimu mirusho mitano zaidi. Vilivyofuata sitavitaja. Ed Headrick, yule mzee aliyebuni kikapu cha minyororo, alipofariki mwaka 2002 majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya diski, kwa matakwa yake mwenyewe. Naamini diski hizo zina mshiko kuliko yangu siku ile.

Hadi hapo ningesamehe. Chokoleti ni chokoleti. Kilichonileta hapa ni majibu ya waliouza.

Niliwaandikia kwa adabu, na picha ya taulo nikaiambatisha. Jibu likaja: "Ndugu mteja, tafadhali hifadhi bidhaa mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na mwanga wa jua."

Mbali na jua! Jua mmelichora wenyewe juu ya boksi! Gofu ya diski inachezwa wapi, ndani ya friji? Siagi ya kakao huanza kulegea mapema na kwenye nyuzi 34 hivi imeshakuwa maji, chini ya joto la mwili wa binadamu, na hiyo ndiyo sababu chokoleti huyeyuka mdomoni ikawa tamu vile. Kwa mtu anayetengeneza chokoleti, hilo ni somo lake la kwanza. Akishalijua, halafu akaipaka kwenye kitu cha kubebwa begani kwa muda wa saa tatu, mchana kweupe, huyo hajasahau. Amepuuza. Nikawajibu karibu hivyo hivyo, labda kwa ukali kidogo zaidi. Nikapata mstari mmoja: "Wateja wengine hawajalalamika."

Mstari huo uliniuma kuliko zile mita sita. Sasa nalalamika hadharani, ili mteja mwingine awepo.

Hata hivyo, ili nisionekane mtu wa visa, ushauri wao niliujaribu. Mzunguko uliofuata niligandisha chupa ya maji nikaipanga pamoja na baa. Chupa ya kwanza ilipasuka frizani kwa sababu niliijaza hadi shingoni, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Kosa hilo ni langu, siwabebeshi. Ya pili niliiachia nafasi, ikaganda salama. Matokeo? Baa zikawa ngumu kama kokoto, nikaogopea jino. Chupa nayo ikatoka jasho begini, diski zote zikalowa, na karatasi ya alama ikawa uji. Yaani nimetoka kwenye mikono ya chokoleti nikaingia kwenye diski za maji. Ubaridi wenu huo hapo.

Siku hizi nabeba karanga za chumvi kwenye chupa ndogo yenye mdomo mpana. Unamimina mdomoni, mkono haugusi kitu. Ndizi ni nzuri pia, lakini iliwe kabla ya kikapu cha nne, la sivyo diski zitakusagia. Krispi sitaki hata kuziona kwenye kundi langu. Mafuta yale hayatoki vidoleni kwa taulo kavu.

Sasa nifike kwenye kinachonikera zaidi, nacho ni kwamba ile poda ni nzuri.

Ni nzuri sana. Nilitamani iwe mbaya nimalize maandishi haya kwa amani. Ina chumvi ya kutosha kurudisha ile inayotoka kwa jasho, na ladha yake haiko kama dawa ya kikohozi. Maelekezo yanasema pakiti moja kwa nusu lita. Kwangu hiyo ni tamu mno, na kinywaji chenye sukari nyingi hukaa tumboni kikilia ukiinama kuokota diski. Naitia kwenye lita moja ndani ya chupa ya chuma, nakunywa mafunda mawili kila baada ya kikapu. Tangu nianze hivyo, yale maumivu ya kichwa yaliyokuwa yananishika kwenye kikapu cha 15 au 16 sijayaona tena. Inawezekana ni maji yenyewe tu, kwamba zamani nilikuwa sinywi ya kutosha. Inawezekana. Lakini ni poda hii iliyonifanya ninywe, kwa sababu maji matupu yaliyopata moto begini hayanyweki.

Kwa poda hii ningetoa nyota nne. Tano, kwa kweli. Basi boksi zima lipate tatu? Nilikuwa nimeshaziandika tatu, kisha nikakumbuka swali langu la mwisho kwao. Niliwauliza kama naweza kununua poda peke yake. Wakanijibu: "Ndugu mteja, bidhaa hizi zinauzwa pamoja ili upate uzoefu kamili."

Uzoefu kamili nimeupata. Uko kwenye taulo, umegoma kutoka hata kwa maji ya moto. Nyota moja.

Baa zilizobaki nimeziweka kwenye friji. Sizipeleki uwanjani tena. Nakula moja usiku nikiwa nimekaa kwenye kiti, mikono haina kazi nyingine, na hapo, sina budi kusema, ni tamu. Haya, ziwe mbili.

Poda imeisha juzi. Boksi jingine liko njiani.